Kushika hezi 50 kwa jenereta mbili: mwongozo kamili kwa kiwanda cha barafu Tanga

Umeme wa gridi ukikatika jioni upande wa Deep Sea hapa Tanga, mashua zinajiandaa kutoka na manahodha wako kwenye foleni ya barafu, hakuna anayeuliza frikwensi, yaani hezi, ni ngapi. Wanauliza kama jenereta imewaka. Inawaka, taa zinarudi, kompresa kubwa inaguguma, halafu taa zinafifia, injini inatoa moshi mweusi, na baada ya sekunde chache ni giza tena. Mwenye kiwanda anasema jenereta ni ndogo. Mara nyingi si ndogo, imebebeshwa mzigo vibaya.

Mwongozo huu ni wa fundi anayesimamia jenereta mbili za dizeli zinazolisha sehemu moja, iwe kiwanda cha barafu, nyumba ya wageni Raskazone au korona (mashine ya kuchakata majani ya mkonge) huko Muheza. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ili hesabu zifuatane. Chukua kiwanda kidogo cha barafu chenye jenereta A ya kilowati 100 na jenereta B ya kilowati 60. Mizigo yake ni kompresa ya barafu kilowati 55; kompresa mbili za vyumba vya baridi, kilowati 15 kila moja; pampu ya maji kilowati 7.5, pampu ya kuzungusha maji ya chumvi kwenye tangi la barafu kilowati 4, viyoyozi vya ofisini kilowati 10, taa na vikorokoro vingine kilowati 8. Jumla ni kilowati 114.5. Jenereta zote mbili zinatoa 160. Kwenye karatasi umeme unatosha na kubaki.

Hezi zinakuambia nini

Jenereta nyingi za dizeli za ukubwa huu zina poli (ncha za sumaku) nne na huzunguka mara 1,500 kwa dakika. Zidisha poli kwa mizunguko, gawanya kwa 120, unapata 50. Kwa hiyo hezi ni mwendo wa injini, basi. Mzigo ukizidi nguvu ambayo injini inasukuma kwa wakati huo, mwendo unapungua na hezi zinashuka. Mzigo ukitolewa ghafla, injini inakimbia na hezi zinapanda.

Volti ni habari nyingine, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Mota inayoamshwa moja kwa moja inaweza kuvuta ampea mara sita au saba ya zile za kawaida, lakini sehemu kubwa ya ampea hizo haifanyi kazi yoyote ya kusukuma. Zinaangusha volti zaidi kuliko hezi. Kinachoshusha hezi ni kilowati halisi. Kwa hiyo ukiona taa zimefifia, usikimbilie kuongeza mafuta. Soma mita zote mbili kwanza. Kama volti zimeanguka na hezi ziko palepale, injini haina kosa. Tazama namna unavyoamsha mota na kirekebisha volti cha jenereta.

Gridi ya taifa inafuata kanuni hiyohiyo, ila kwa ukubwa mwingine kabisa. Sisi Tanga tunaijua kwa karibu: mto Pangani peke yake unazungusha Nyumba ya Mungu ya megawati 8, Hale ya megawati 21 iliyopo tangu 1964, na Pangani Falls ya megawati 68. Magharibi ikiingia, taa, feni na majiko vinawashwa karibu kwa pamoja. Mwezi wa Ramadhani, futari inakusanya watu majumbani saa ileile moja. Mzigo ukipanda, nguvu ya ziada kwa sekunde za mwanzo haitoki kwenye maji wala kwenye gesi. Inatoka kwenye uzito wa mitambo yote inayozunguka nchi nzima, ambayo inapunguza mwendo kidogo na kutoa nishati iliyomo ndani yake. Baada ya hapo gavana za mitambo, yaani vifaa vinavyolinda mwendo, zinafungua maji au gesi. Mwisho wanaingia waongozaji wa gridi pale Ubungo, ambao huamuru mitambo ipi iongezwe ili hezi zirudi 50 kamili na gavana zipate tena nafasi ya kupumua.

Fanya hesabu hii. Mtambo mmoja wa bwawa la Julius Nyerere ni megawati 235. Tuseme gridi inazalisha megawati 1,500, na uzito wa mitambo umehifadhi nishati ya kutosha sekunde 4 za uzalishaji. Mtambo huo ukichomoka ghafla, hezi zinaanza kuanguka kwa kasi hii: 235 mara 50, gawanya kwa 2 mara 4 mara 1,500. Unapata karibu hezi 1 kwa sekunde. Ni haraka, lakini gavana na rilei (vifaa vinavyopima na kuamuru kukata) zinawahi.

Sasa kiwanda chetu. Jenereta A na B zinafanya kazi pamoja, kila moja ikibeba sehemu yake: A kilowati 71.6, B kilowati 42.9. Breka ya A inafunguka ghafla. B, yenye kilovolti-ampea 75 na nishati ya kama sekunde 1 tu kwenye flaiwili na rota yake, inaangukiwa na pengo la kilowati 71.6. Hesabu ileile: 71.6 mara 50, gawanya kwa 2 mara 1 mara 75. Karibu hezi 24 kwa sekunde. Kutoka 50 hadi 48.5 ni kama sehemu sita za mia za sekunde. Hapo hakuna fundi mwenye mkono wa kuwahi, na rilei nyingi za frikwensi hazijamaliza hata kupima. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inafanywa kabla ya tatizo kutokea.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa skrubu yoyote

Multimita yenye alama ya Hz inatosha kwa kuanzia, lakini inaonyesha wastani. Mtikisiko wa nusu sekunde unaipita. Kama paneli ya jenereta ina kumbukumbu ya matukio, jifunze kuisoma. Kama haina, rekodi video ya mita kwa simu wakati kompresa kubwa inawaka, kisha itazame polepole. Simu ina kazi nyingine pia: programu ya kuchambua sauti ikiwekwa karibu na transfoma itaonyesha mvumo wenye kilele kwenye 100, kwa sababu chuma chake hutetema mara mbili kwa kila mzunguko. Kilele kikiwa 98, una hezi 49. Si kipimo cha kuandikia ripoti, lakini ni njia nzuri ya kuikamata mita inayodanganya.

Andika namba nne: hezi bila mzigo, hezi kwa mzigo wa kawaida, hezi za chini kabisa kompresa ya barafu inapowaka, na sekunde ngapi zinapita hadi zitulie. Daftari lenye namba hizi nne lina thamani kuliko maneno ya fundi aliyepita.

Hatua ya 2: Panga mizigo iingie kwa zamu

Injini ya dizeli yenye tabo haiwezi kupokea mzigo wote kwa mkupuo. Mafuta yanaongezeka papo hapo, lakini tabo inahitaji moshi wa kutosha ili izunguke na kuleta hewa. Katikati ya hapo unaona ule moshi mweusi na hezi zinazama. Mitambo ya maji ina ugeni wake wa namna hiyo: mlango wa maji ukifunguliwa, mgandamizo unapungua kwanza na nguvu inashuka kidogo kabla ya kupanda, kwa sababu maji yaliyo bombani yanahitaji muda kupata kasi. Kwa hiyo hata pale Hale gavana hawezi kurukaruka.

Kosa la kawaida baada ya umeme kukatika ni hili: vyumba vya baridi vimepata joto, kila thermostati inadai baridi, kontakta (swichi za mota zinazofungwa na koili ya umeme) zote zinasubiri umeme. Jenereta ikiingia, mota zote zinaamka kwa pamoja. Mzigo wa dakika kumi za mwanzo ni mkubwa kuliko ule wa kawaida, kwa sababu mota ambazo kwa kawaida hupokezana sasa hazipokezani.

Weka taima kwenye kila kontakta, na utaratibu uwe hivi. Taa na udhibiti vinaingia mara moja. Pampu ya maji ya chumvi ifuate. Kisha kompresa ya barafu ya kilowati 55, wakati jenereta bado zina nafasi kubwa. Mota kubwa inaanza mapema, si mwisho. Hakikisha inaanza bila kubana gesi, yaani vali za kuipunguzia mzigo ziko wazi hadi ifike mwendo wake. Chumba cha baridi cha kwanza kiingie hezi zikishatulia, cha pili baada yake, pampu ya maji, na viyoyozi mwisho kabisa. Achilia walau sekunde 15 kati ya mota na mota. Kompresa yenyewe inataka dakika chache tangu ilipozimwa ili mgandamizo usawazike, hivyo taima inakulinda mara mbili.

Staa-delta, yaani kuamsha mota kwa volti pungufu kwanza, inapunguza ampea za kuamshia hadi theluthi moja, na nguvu ya kuzungusha pia inabaki theluthi. Kwa kompresa inayoanza bila mzigo ni sawa. Kwa korona inayoanza na majani ya mkonge tayari mdomoni, haitafika. Iamshe tupu ndipo ulishe.

Hatua ya 3: Weka mteremko wa gavana

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kama jenereta mbili zitaishi kwa amani.

Mtu akisikia "hezi ziwe imara" anafikiri gavana nzuri ni ile inayong'ang'ania 50 daima. Kwa jenereta moja peke yake, sawa. Ukiweka gavana mbili za namna hiyo sambamba bila kifaa cha kugawana mzigo, zitapigana. Moja inaamini mwendo sahihi ni 50.00, nyingine 50.02, na ile ya pili itaongeza mafuta hadi ibebe kila kitu huku mwenzake akisukumwa kama mota. Dawa ni mteremko, mafundi wanauita drupu: kila gavana inakubali kupunguza mwendo kidogo kadiri mzigo unavyoongezeka. Asilimia 4 maana yake ni kwamba kutoka bila mzigo hadi mzigo kamili, hezi zinashuka 2.

Weka mashine zote mbili kwenye asilimia 4, na mwendo wa bila mzigo uwe hezi 51.4. Sasa washa mizigo yote, kilowati 114.5. Kila jenereta itabeba asilimia 71.6 ya uwezo wake, na hezi zitakuwa 51.4 toa 1.43, yaani 50 kasoro kidogo sana. Usiku mzigo ukishuka hadi kilowati 48, kila moja inabeba asilimia 30 na hezi zinasimama 50.8. Hakuna mota itakayolalamika kwa hilo.

Tazama kinachotokea mteremko ukitofautiana. A iko asilimia 4, B asilimia 2, zote 51.4 bila mzigo. A inashusha hezi 0.02 kwa kila kilowati, B 0.0167. Hezi ni zilezile kwa mashine zote mbili, hawana namna ya kutofautiana. Kwa kilowati 114.5, hezi zitashuka 1.04. Hapo A inabeba kilowati 52 na B inabeba 62.5. B ya kilowati 60 imezidiwa wakati A ina karibu nusu ya nguvu zake haijatumika. Mwenye kiwanda ataona B inachemka na atakuambia ununue kubwa zaidi. Kabla hajaenda dukani, pima mteremko.

Namna ya kuupima: washa jenereta moja peke yake, soma hezi bila mzigo, ibebeshe mzigo unaoujua kwa kilowati, soma tena. Tofauti ya hezi, gawanya kwa kilowati ulizobebesha, zidisha kwa uwezo kamili wa mashine. Ukipata 2, ni asilimia 4. Fanya kwa mashine zote mbili siku moja, injini zikiwa za moto.

Kama una paneli za kisasa zinazowasiliana na kugawana mzigo zenyewe, unaweza kuweka hezi 50 kamili wakati wote. Mimi bado nashauri mteremko uwekwe vizuri chini yake, kwa sababu waya wa mawasiliano unapokatika, na upepo wa chumvi wa Tanga hauchagui waya, paneli nyingi hurudi kwenye mteremko. Ndipo utajua kama uliuweka au uliuacha.

Kuna kisa cha Ulaya kinachofaa hapa. Mwanzoni mwa 2018, gridi ya bara ilikaa na wastani wa hezi 49.996 kwa wiki kadhaa kutokana na mgogoro wa Serbia na Kosovo uliosababisha umeme uliopungua usifidiwe. Upungufu ni mdogo kiasi hicho, lakini saa za jikoni zinazohesabu mizunguko ya umeme zilichelewa karibu dakika sita. Gavana zilikuwa zinafanya kazi yao. Kilichokosekana ni wa kurudisha 50 kamili. Kwenye kiwanda chako hilo ni jukumu lako wewe: mteremko unagawa mzigo, mkono wako ndio unaorudisha mwendo wa mashine zote mbili kwa pamoja pale mzigo wa kawaida unapobadilika kwa muda mrefu.

Hatua ya 4: Kuingiza mashine ya pili

Kwa ufupi, maana paneli nyingi siku hizi hufanya zenyewe. Hakikisha mpangilio wa fezi ni uleule. Ukishahakikisha baada ya matengenezo, weka alama. Volti zilingane. Mashine inayoingia iwe na hezi zaidi kidogo, kama 0.1, ili ikifunga ianze kubeba mzigo badala ya kubebwa. Kwa tofauti hiyo mshale wa sinkroskopu (mita inayolinganisha mashine mbili) unazunguka mara moja kwa sekunde 10, muda wa kutosha kufunga breka mshale unapokaribia saa sita. Kama badala yake unatumia taa tatu za giza, zile zinazozimika mashine zikilingana, kumbuka taa huzimika kabla volti hazijafika sifuri. Funga katikati ya giza, si mwanzoni. Weka na rilei ya nguvu kurudi nyuma kwenye kila mashine, ili ijitoe ikianza kusukumwa kama mota.

Hatua ya 5: Amua mapema nani anakatwa

Turudi kwenye hezi 24 kwa sekunde. A ikianguka, B yenye kilowati 60 haiwezi kubeba 114.5. Ukikata kompresa ya barafu peke yake, inabaki 59.5. B itashika kwa kucha, na itakufa kiyoyozi kimoja kikigoma. Kata kompresa ya barafu pamoja na viyoyozi: inabaki 49.5. B ilikuwa na 42.9, kwa hiyo inaongeza 6.6 tu. Hiyo inaiweza.

Barafu haitaharibika. Tangi la maji ya chumvi lina baridi ya kutosha kukaa muda mrefu bila kompresa. Samaki kwenye chumba cha baridi ndio hawana subira. Hivyo usipange kwa cheo cha ofisi ("viyoyozi vya bosi visiguswe"), panga kwa kilowati na kwa kile kitakachooza.

Na usitegemee rilei ya frikwensi kwa tukio hili. Chukua koili za kontakta ya kompresa ya barafu na ya viyoyozi, uzipitishe kwenye koneksheni saidizi (swichi ndogo inayofuata breka) ya breka ya A. Breka ikifunguka, koili zinapoteza umeme papo hapo, hakuna kinachosubiri kupima. Sambamba na koneksheni hiyo weka ile ya breka ya gridi, ili umeme wa gridi ukiwepo mashine zako zifanye kazi A ikiwa imezimwa. Kontakta itafunguka ndani ya sehemu chache za mia za sekunde. Hezi zitakuwa zimeshuka moja au zaidi kidogo, na B itainuka.

B ikianguka hali ni tofauti. A inaachiwa 114.5 na uwezo wake ni 100. Hapa huhitaji kukata kompresa ya barafu. Kata viyoyozi na chumba kimoja cha baridi, inabaki 89.5. Kwa hiyo breka ya B ipewe orodha yake yenyewe. Watu huweka orodha moja kwa matukio yote, kisha wanashangaa kwa nini uzalishaji wa barafu unasimama kila B inapopata hitilafu ndogo.

Rilei ya frikwensi ina kazi yake, ila nyingine. Injini inapokosa mafuta taratibu, kwa maji kwenye dizeli au filta iliyoziba, breka yake haifunguki. Nguvu inafifia na hezi zinateremka polepole. Hapo ndipo rilei inapofaa: kata kompresa ya barafu hezi zikiwa 48.5 kwa sekunde 0.3, na jenereta yenyewe ijitoe kwenye 47 baada ya sekunde kama 5. Kabla ya kuweka namba hizo, fungua daftari la hatua ya 1. Kama kompresa ikiamka kwa kawaida inazamisha hezi hadi 48 kwa nusu sekunde, rilei yako itakata kila asubuhi. Rekebisha uamshaji kwanza, au teremsha mpaka wa rilei.

Tazama pia kirekebisha volti. Vingi vina skrubu inayoamua hezi zikifika ngapi volti zianze kupunguzwa, mara nyingi karibu 47. Ni msaada mzuri: volti zikishuka, baadhi ya mizigo inavuta kilowati chache na injini inapata nafasi. Isitoshe, mota yenye hezi za chini na volti kamili inachemka.

Hatua ya 6: Akiba, na gharama yake

Ungeweza kusema, basi tuwashe mashine kubwa kuliko mzigo na tulale. Dizeli inayobeba chini ya asilimia 30 kwa saa nyingi haipati joto la kutosha. Mafuta yasiyoungua yanaganda kwenye vali na bomba la moshi, na utaona majimaji meusi yakidondoka kwenye maungio. Kwa mfano wetu, mashine zote mbili zikifanya kazi, mzigo usishuke chini ya kilowati 48. Usiku ukishuka zaidi, toa moja. Ukibakiza A, mpaka ni 30. Ukibakiza B, ni 18. Anayelinda usiku aachiwe namba hizo zimeandikwa ukutani kwa kalamu nene.

Hatua ya 7: Hezi zinazoyumba bila mzigo kubadilika

Hezi zinacheza 49.5, 50.5, 49.5, na injini inasikika ikivuta na kuachia. Usianze na skrubu ya gavana. Anza na mafuta: mwaga maji chini ya tangi, badili filta, tafuta hewa kwenye bomba la kuvuta. Kisha sensa ya mwendo iliyo juu ya meno ya flaiwili. Zima injini, chomoa betri, hakikisha jino liko sawasawa chini ya tundu, zungusha sensa taratibu hadi iguse jino, kisha irudishe robo tatu ya mzunguko na ufunge nati. Safisha plagi yake. Chumvi ya bahari inaweka ukijani kwenye pini na gavana inaona mwendo ambao haupo. Baada ya hayo yote ndipo uguse ukali wa gavana: ongeza hadi iyumbe, punguza hadi itulie, halafu punguza kidogo tena.

Hatua ya 8: Ukiongeza sola

Tuseme kuna kilowati 40 za sola juu ya bati. Mchana jua kali, jenereta zinabaki na 74.5 na utashawishika kuzima B. Wingu moja la kutoka baharini likifunika paa, A inadaiwa 114.5 na uwezo wake ni 100. Kwa hiyo ama B ibaki inazunguka, ama viyoyozi na chumba kimoja vikatwe sola ikishuka, ama ununue betri ya kuziba pengo la dakika ambazo B inahitaji kuamka na kuingia. Betri inajibu haraka kuliko injini yoyote, na kama pesa ipo, hapo ndipo ningeitia.

Kuna mtego usioonekana kwa macho. Inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uwe kama wa gridi) nyingi zenye mpangilio wa Kijerumani huanza kupunguza umeme hezi zikipita 50.2, kwa asilimia 40 kwa kila hezi moja. Mteremko wetu unaweka hezi 50.8 mzigo ukiwa mdogo. Maana yake inveta itatupa karibu robo ya umeme wa jua huku wewe unachoma dizeli. Ingia kwenye mipangilio, upeleke mwanzo huo juu ya hezi za kawaida za kiwanda chako, na upanue mpaka wa chini ili inveta isijitoe kila kompresa inapoamka. Inveta ikijitoa, mzigo wake wote unaangukia jenereta ambayo tayari ilikuwa imeinama.

Hatua ya 9: Jaribu mchana

Chagua asubuhi ambayo hakuna mashua inayosubiri. Washa mizigo yote, acha injini zipate moto, mweke mtu kwenye mita na mwingine kwenye video, kisha fungua breka ya A kwa makusudi. Andika hezi za chini kabisa na sekunde hadi zitulie. Subiri kila kitu kirudi, fanya hivyohivyo kwa breka ya B. Mwisho amsha kompresa ya barafu peke yake.

Linganisha na kiwango cha ISO 8528: jenereta ya daraja G2 inaruhusiwa kuzama asilimia 10 mzigo unapoongezeka ghafla na kurudi ndani ya sekunde 5, ya G3 asilimia 7 na sekunde 3. Daraja limeandikwa kwenye karatasi za mashine. Zikizama ndani ya mpaka lakini zinachelewa kurudi, anzia filta ya hewa na mabomba ya tabo. Zikizama kupita mpaka ilhali zinarudi upesi, mzigo uliingia kwa mkupuo. Rudi kwenye taima. Na B ikizimika kabisa ulipofungua breka ya A, kabla ya kulaumu injini, kagua kama kontakta ya viyoyozi ilifunguka kweli: ofisini huwa kuna mtu aliyevuta waya wa kiyoyozi chake kutoka kwenye saketi ya taa.